Kuanzia Jukwaa Namba 0: Shajara ya Safari Katika Stesheni ya Kyoto

Jumatatu

Treni ya kasi ya Nozomi tuliyopanda Tokyo saa tatu asubuhi ilikuwa na mabehewa 16 na viti 1,323. Idadi hiyo ndiyo ya kila treni inayopita katika Tokaido Shinkansen, reli ya treni za kasi ya kutoka Tokyo hadi Osaka, kwa sababu waendeshaji wake wameamua zote zilingane, ili treni moja ikipata hitilafu nyingine ishike nafasi yake bila abiria kulazimika kupangiwa kiti upya. Reli hii ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, na mpaka leo ndiyo uti wa mgongo wa usafiri wa Japani. Mwendo wake wa juu ni kilomita 285 kwa saa, na katika saa zenye msongamano Nozomi zinaweza kuondoka zaidi ya 10 ndani ya saa moja, kiasi kwamba anayechelewa treni hana sababu ya kukimbia.

Nasafiri na shangazi yangu, ambaye ameshapita miaka 70 na goti lake halitaki tena mzaha na ngazi. Kwa hiyo katika safari hii kila stesheni naipima kwanza kwa lifti zake, halafu ndipo nautazama uzuri wake. Sanduku lake kubwa tulilituma jana kutoka hotelini Tokyo kwa huduma ya kusafirisha mizigo, ambayo hufikisha mzigo hoteli ya pili kwa kawaida siku inayofuata. Huduma hiyo namshauri kila mtu aitumie, kwa kuwa tangu mwaka 2020 abiria wa Shinkansen mwenye sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 hana budi kukata kabla kiti maalumu kilicho karibu na nafasi ya mizigo.

Nilikata viti vya D na E, upande wa kulia kwa anayetoka Tokyo. Kiasi cha dakika 45 baada ya kuondoka, treni ilipokwisha kupita Mishima, mlima Fuji ulijitokeza wote, kileleni una theluji na mbingu nyuma yake haina wingu. Shangazi, aliyekuwa dirishani, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, hata kama safari ingeishia hapa, mimi nimeshalipwa." Tulikula chakula cha boksi tulichonunua stesheni, kwani Shinkansen ina meza na utulivu wa kutosha, na hakuna anayekutazama vibaya kwa kula ndani yake, tofauti na treni za mjini ambamo watu hawali.

Tuliingia Kyoto saa tano na robo, baada ya saa mbili na dakika 15 za safari. Treni zinazotoka Tokyo hutua katika jukwaa la 13 au la 14, na zinazorudi huko hutumia la 11 na la 12. Husimama kwa muda mfupi sana, kwa hiyo abiria wanaoshuka husimama mlangoni mapema, na wanaopanda hujipanga kwenye mistari iliyochorwa sakafuni ikionyesha mahali hasa mlango wa kila behewa utakaposimama. Lifti ilikuwa hatua chache kutoka mlango wetu. Kwenye geti la kutokea tulitumbukiza tiketi zote mbili kwa pamoja, ile ya nauli ya msingi na ile ya treni ya kasi, maana mashine huzisoma kwa mkupuo mmoja.

Hoteli yetu iko upande wa Hachijo, yaani kusini mwa stesheni. Jambo hili anayekuja Kyoto anapaswa kulijua kabla hajafika: stesheni ina pande mbili zilizotenganishwa na njia zote za reli. Kaskazini, upande wa Karasuma, kuna stendi ya mabasi ya mji na mnara wa Kyoto wenye urefu wa mita 131. Kusini, upande wa Hachijo, kuna Shinkansen, reli ya kampuni ya Kintetsu na mabasi mengi ya masafa marefu. Anayetokea upande usiokuwa wake itambidi arudi kwa njia ya juu ya ghorofa ya pili, ambayo haihitaji tiketi, lakini kwa mtu mwenye mizigo au mwenye goti bovu huo si mwendo mdogo.

Jumanne

Leo hatukwenda popote. Niliamua siku nzima iwe ya stesheni yenyewe, na Shangazi alikubali kwa sharti kwamba apate mahali pa kukaa kila atakapochoka.

Stesheni ya kwanza ya Kyoto ilifunguliwa rasmi Februari 1877 mbele ya Mfalme Meiji, miaka mitano tu baada ya reli ya kwanza ya Japani, ya Shimbashi hadi Yokohama, kuanza kazi. Jengo la pili lilikuja mwaka 1914, likateketea kwa moto mwaka 1950, na la tatu likachukua nafasi yake mwaka 1952. Jengo la leo, la nne, lilikamilika mwaka 1997 likiwa sehemu ya maadhimisho ya miaka 1,200 tangu mji ulipofanywa makao makuu ya ufalme mwaka 794. Wasanifu saba walialikwa kushindana, wakiwemo Tadao Ando, Kisho Kurokawa na Mwingereza James Stirling, na aliyeshinda ni Hiroshi Hara, ambaye amefariki dunia Januari 2025.

Wapo wakazi waliolipinga jengo hili kwa nguvu, nao walikuwa na hoja. Mji wa mahekalu na nyumba za mbao unawekewa ukuta wa vioo na chuma wenye kimo cha karibu mita 60 na urefu wa mita 470, tena kwenye lango lake. Nimeitafakari hoja hiyo nikiwa nimesimama ng'ambo ya barabara, na kweli kwa nje jengo ni zito. Ila ukishaingia ukumbi wa kati, uzito huo wote unaondoka. Hara aliuwaza ukumbi huo kuwa bonde: katikati uko chini, na pande zote mbili unapanda juu, huku paa la vyuma na vioo likiwa mbali sana kiasi kwamba mwanga na upepo vinaingia kama nje. Pia aliacha mianya miwili mikubwa kwenye uso wa jengo, mmoja ukielekea mtaa wa Karasuma na mwingine mtaa wa Muromachi, ili mistari ya mitaa iliyonyooka, ambayo mji huu umeirithi tangu ulipopimwa karne ya nane, ipenye hadi ndani. Kwangu mimi hilo ndilo jambo bora katika jengo zima, kwa sababu mtu hajatoka hata getini na tayari anajua mji umekaaje.

Upande wa magharibi wa bonde hilo kuna ngazi kuu yenye vidato 171, na kando yake ngazi za umeme zinazopanda ghorofa baada ya ghorofa. Shangazi alipanda kwa ngazi za umeme, mimi nikapanda kwa miguu, na tukakutana juu kabisa kwenye bustani ya paani, nikiwa natweta na yeye akiwa ameshapata kiti. Kutoka ghorofa ya kumi kuna njia iliyofunikwa kwa vioo, kiasi cha mita 45 juu ya ardhi, inayokwenda mashariki hadi upande wa pili wa ukumbi. Ukiwa humo unaona watu chini wakipishana kati ya geti kuu, stendi ya mabasi na ngazi za kushuka kwenye treni ya chini ya ardhi, na mikondo hiyo mitatu inakatana bila watu kugongana. Tulikaa hapo muda mrefu tukitazama.

Baadaye niliyafuata majukwaa moja moja, kwa sababu namba zake humchanganya mgeni. Treni za kawaida za JR, kundi la makampuni makuu ya reli ya Japani, zina jukwaa namba 0, halafu la 2 hadi la 10, halafu zinaruka hadi la 30 mpaka la 34, wakati la 11 hadi la 14 ni ya Shinkansen. Namba 1 haipo, kwa sababu imepewa njia inayopitwa na treni za mizigo tu, ambayo haina jukwaa. Jukwaa namba 0 limeungana na namba 30 kwa mstari mmoja wenye urefu wa mita 558, na ndilo jukwaa refu kuliko yote nchini Japani. Nililitembea mwanzo hadi mwisho. Ikumbukwe pia kwamba Kintetsu ina jukwaa lake namba 1, na treni ya chini ya ardhi nayo ina lake, kwa hiyo anayeambiwa "jukwaa la kwanza" aulize kwanza ni la kampuni gani.

Kabla ya kurudi hotelini tulinunua kadi mbili za nauli ziitwazo ICOCA kwenye mashine. Kila moja ni yeni 2,000, ambapo 500 ni dhamana na 1,500 ni salio la kutumia. Kadi hiyo ya JR ya magharibi ilianza mwaka 2003, na tangu mwaka 2013 kadi kumi kubwa za Japani zinakubaliwa kila moja katika maeneo ya nyingine. Kwa kadi moja mtu hupita mageti ya makampuni tofauti, na hupanda mabasi pia, bila kukata tiketi ya karatasi.

Jumatano

Siku ya mabasi, na pia siku iliyonionyesha mahali Kyoto inapoelemewa.

Stendi iliyo mbele ya geti la Karasuma imegawanywa kwa herufi A, B, C na D, na kila herufi ina vituo vyenye namba. Anayekwenda hekalu la Kiyomizu na mtaa wa Gion hupanda basi namba 206 kwenye kituo cha D2. Tulifika kabla ya saa tatu, na mstari ulikuwa umeshazunguka kizuizi mara kadhaa, kwa kuwa Novemba ni msimu wa majani ya miti kugeuka mekundu na nchi nzima hutaka kuyaona hapa. Basi la kwanza lilijaa kabla hatujaufikia mlango. Katika la pili tulipanda, kwa mlango wa nyuma kama ilivyo desturi, na kijana aliyekuwa amevaa sare ya shule akamwinukia Shangazi bila kusema neno.

Nauli ndani ya eneo kuu la mji ni yeni 230 popote uendapo, nayo hulipwa wakati wa kushuka, kwa mlango wa mbele, kando ya dereva. Anayelipa kwa sarafu ajue kwamba kisanduku cha nauli hakirudishi chenji. Kuna mashine ndogo pembeni yake ya kuvunja noti ya yeni 1,000 au sarafu kubwa, na adabu inataka uvunje basi likiwa limesimama kabla ya kituo chako, si wakati watu wanakusubiri nyuma. Niliwatazama wakazi waliokuwa wakishuka: kadi mkononi, mlio mmoja wa mashine, shukrani kwa dereva, wamekwenda. Halafu akafika mgeni mwenye begi kubwa na noti ya yeni 10,000, na basi zima likasimama kwa muda ambao dereva aliutumia kumweleza kwa upole kwamba mashine haipokei noti hiyo.

Kwa nini mji wenye stesheni iliyopangwa vizuri hivi unategemea mabasi kiasi hiki? Jibu liko katika historia yake, na historia hiyo inastahili kusimuliwa. Kyoto ndiyo iliyokuwa ya kwanza Japani kuwa na tramu ya umeme ya abiria. Baada ya makao makuu kuhamia Tokyo, mji ulihofia kudorora, ukachimba mfereji wa kuleta maji kutoka ziwa Biwa chini ya mhandisi kijana Tanabe Sakuro. Mfereji ulimalizika mwaka 1890, mwaka uliofuata maji yake yakaanza kuzalisha umeme huko Keage, na mwaka 1895 umeme huo ukaendesha tramu kutoka karibu na stesheni hii hadi Fushimi. Tramu zilienea mitaa mikuu yote. Kisha magari yakaongezeka, mapato yakashuka, na Septemba 1978 njia za mwisho za tramu ya mji zikafungwa. Treni ya chini ya ardhi, mstari wa Karasuma, ilianza mwaka 1981, na mpaka leo mji una mistari miwili tu, kwani kuchimba ni gharama kubwa, na katika ardhi ya mji huu kila mchimbo hukutana na mabaki ya kale ambayo sheria inataka yachunguzwe kwanza. Kazi iliyokuwa ya tramu ikaangukia mabasi, yanayopita katika barabara zilezile na magari mengine yote.

Wakazi wamekuwa wakilalamika kwamba hawapati nafasi ya kupanda kwenda kazini au hospitali, na ukweli wao niliuona kwa macho katika kituo cha Gojozaka, ambapo bibi mmoja mwenye kikapu cha mboga aliachwa na basi letu kwa sababu halikuwa na pa kutia mguu. Halmashauri ya mji imechukua hatua. Iliacha kuuza tiketi ya siku nzima ya mabasi peke yake mwaka 2023, ikabakiza ile ya yeni 1,100 inayojumuisha treni za chini ya ardhi, na Juni 2024 ikaanzisha mabasi ya haraka ya watalii siku za mwisho wa wiki na sikukuu, kwa nauli ya yeni 500. Naziona hatua hizo kuwa za haki, na mgeni anayeipenda Kyoto anapaswa kuzisaidia kwa kuchagua reli kila reli inapowezekana.

Ndivyo tulivyofanya wakati wa kurudi. Mlima wa kwenda hekaluni tuliupanda taratibu, tukipumzika kwenye maduka ya vyungu, na baada ya kuliona hekalu tukateremka hadi stesheni ya Gion-Shijo. Hapo tukapanda treni ya kawaida ya kampuni ya Keihan hadi Tofukuji, ambako mageti ya Keihan na JR yanapakana, na kutoka Tofukuji hadi Kyoto ni stesheni moja tu kwa treni ya JR. Njia hiyo ina kubadilisha treni mara moja, na nauli yake ni kubwa kuliko ya basi, lakini Shangazi alikaa kitini katika treni zote mbili.

Alhamisi

Asubuhi tulishika mstari wa Nara wa JR, unaotumia majukwaa ya 8 hadi 10. Stesheni ya Inari ni ya pili kutoka Kyoto, mwendo wa dakika tano, na ukitoka getini malango mekundu ya Fushimi Inari yako ng'ambo ya barabara. Mtego uko kwenye treni yenyewe: ile ya haraka iitwayo Miyakoji haisimami Inari, na wageni wengi huipanda kwa kuwa imekuja mwanzo na imeandikwa Nara, wakajikuta wakiutazama mlango wa hekalu kupitia dirishani. Inayofaa ni treni ya kawaida inayosimama kila stesheni. Hata hivyo Miyakoji husimama Tofukuji, kwa hiyo sisi tulipotoka Inari tulirudi nyuma stesheni moja tukaipata hapo, na haikuchukua saa nzima kutufikisha Nara.

Jioni tulirudi kwa Kintetsu, kwa sababu stesheni yake ya Nara iko karibu zaidi na bustani ya kulungu na hekalu la Todaiji kuliko ile ya JR. Treni ya daraja la juu ya Kintetsu hutumia kama dakika 35 na inahitaji tiketi ya ziada, lakini ina viti vilivyokatwa kabla, na kwa mtu aliyetembea kutwa malipo hayo yana maana.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini kampuni mbili zina reli mbili kati ya miji ileile, na kwa nini treni ya moja haiwezi kupita kwenye njia za nyingine. Msomaji wa Tanzania atalielewa jambo hili upesi. Reli za kawaida za JR zina upana wa milimita 1,067, ambao ndio upana wa reli ya TAZARA. Shinkansen, Kintetsu, Keihan na treni ya chini ya ardhi ya Kyoto zina milimita 1,435, ambao ndio upana wa SGR yetu. Wajapani walianza na reli nyembamba mwaka 1872, na walipotaka kasi ya Shinkansen ikabidi wajenge njia mpya kabisa, pembeni na juu ya ile ya zamani. Kule kwetu, mzigo unaotoka reli ya kati yenye upana wa mita moja kwenda TAZARA hushushwa na kupakiwa upya Kidatu, kwa kuwa reli hizo mbili hazilingani. Hapa Kyoto abiria naye hushuka na kupanda tena, lakini mahali pa kufanyia hivyo pamejengwa kwa uangalifu: majukwaa ya Kintetsu yako chini ya njia za Shinkansen, na kati yake kuna mageti ya kupitia moja kwa moja bila kutoka nje ya stesheni. Nako ambako upana umelingana, wameunganisha reli zenyewe. Baadhi ya treni za mstari wa Karasuma zinazoanzia Kokusaikaikan, kaskazini mwa mji, huingia kwenye njia za Kintetsu na kufika hadi Nara bila abiria kuinuka kitini.

Ijumaa

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tulipanda mstari wa Sagano kutoka majukwaa ya thelathini na kitu, tukashuka stesheni ya kwanza, Umekoji-Kyotonishi, iliyofunguliwa mwaka 2019 kwa ajili hasa ya wanaokwenda Makumbusho ya Reli. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 2016 na yana magari ya reli zaidi ya 50, kuanzia injini za mvuke hadi behewa la kichwa la Shinkansen ya kwanza, lenye pua ya mviringo. Kilichonishika zaidi ni karakana ya mwaka 1914, jengo la nusu duara ambamo injini za mvuke zimeegeshwa zikielekea sahani moja kubwa inayozunguka. Baadhi bado zinawashwa. Fundi mmoja aliyekuwa na kitambaa shingoni alikuwa akipaka mafuta viungo vya magurudumu kwa kopo lenye mdomo mrefu, akiugusa kila kiungo kwa kidole kabla na baada ya kupaka, na Shangazi, ambaye baba yake alifanya kazi karakana ya reli Tabora, alisimama kumtazama mpaka akamaliza injini nzima. Nilimwacha.

Jumamosi

Hekalu la dhahabu, Kinkakuji, liko kaskazini magharibi mwa mji, na basi la moja kwa moja kutoka stesheni ni namba 205. Siku ya Jumamosi ya Novemba sikuona busara kulipanda kuanzia stendi. Tulitumia mstari wa Karasuma hadi Kitaoji, safari isiyofika robo saa, na pale Kitaoji lifti inafika kwenye stendi ya mabasi iliyo chini ya ardhi, ambako basi namba 204 au 205 hukufikisha kituo cha Kinkakuji-michi baada ya muda mfupi. Msongamano ulikuwepo, lakini tulikuwa tumekwepa katikati ya mji.

Usiku nilitoka peke yangu hadi upande wa Hachijo kuyaona mabasi ya usiku. Husafiri hadi Tokyo kwa muda unaokaribia au kuzidi saa nane, na nauli yake mara nyingi ni chini ya nusu ya ile ya Shinkansen. Vijana ndio wengi, wamebeba mito ya shingoni na chupa za chai, wameketi juu ya mabegi yao mpaka mhudumu mwenye orodha aite safari yao. Usafiri wa namna hii hauonekani katika picha za Japani zinazotufikia, ingawa unawabeba wanafunzi na wafanyakazi wengi ambao nauli ya treni ya kasi inawashinda, na stesheni imewapa mahali penye paa, taa na vyoo safi vilivyo wazi.

Jumapili

Kutoka Kyoto hadi Uwanja wa Ndege wa Kansai kuna njia mbili za moja kwa moja. Basi huondokea Hachijo na hutumia karibu saa moja na nusu barabara ikiwa wazi, na mizigo hupakiwa chini na wahudumu. Treni ya Haruka huondokea jukwaa namba 30, hupitia Shin-Osaka, na tangu Machi 2023 husimama pia kwenye majukwaa mapya ya chini ya ardhi ya stesheni ya Osaka, kisha hufika uwanjani kwa kiasi cha saa moja na robo. Nilichagua treni, kwa kuwa ni Jumapili ya msimu wa majani mekundu na sikutaka foleni ya barabarani iniamulie kama tutaipata ndege.

Ni haki kusema kwamba zote mbili hatimaye hupita daraja moja. Uwanja huo ulijengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa na kufunguliwa mwaka 1994, na daraja linaloufikia lina barabara na reli kwa pamoja. Septemba 2018 kimbunga Jebi kilisukuma meli ya mafuta ikaligonga, na treni hazikupita kwa muda wa wiki mbili. Siku zile wasafiri walivushwa kwa meli na mabasi. Nalitaja jambo hili kwa sababu limebadilisha namna ninavyopanga safari: siku yenye tahadhari ya tufani, alale karibu na uwanja anayesafiri kesho yake.

Jukwaa la 30 liko usawa mmoja na geti kuu la Karasuma, na kutoka Hachijo tulipanda lifti moja na kushuka nyingine. Behewa lina nafasi ya masanduku karibu na mlango. Hizi ni treni za njia nyembamba, kwa hiyo mwendo wake si wa Shinkansen, na katika vitongoji vya Osaka husubiri zamu kati ya treni za wafanyakazi, lakini tulifika kwa dakika ileile iliyoandikwa kwenye ratiba.

Uwanjani, kabla ya kutoka stesheni, tulipita kwenye dirisha la JR kurudisha kadi ya Shangazi. Salio lililobaki hukatwa ada ya yeni 220, na dhamana ya yeni 500 hurudishwa yote. Kwa hiyo anayejua anarudisha kadi hulimaliza salio kwanza, kwa mfano kwa kununua maji na biskuti dukani, ili asikatwe kitu. Kadi hurudishwa katika eneo la kampuni iliyoitoa, na ndiyo maana niliona afadhali tununue za hapa kuliko kuzichukua Tokyo. Yangu sikuirudisha, kwani hubaki hai kwa miaka 10 tangu siku ilipotumika mara ya mwisho, na mstari wa ziwa Biwa, ambao treni zake niliziona kila siku zikiondoka kuelekea mashariki, bado sijaupanda.